Paa Kongwe na Pumzi Yake

Katika Uingereza takriban nyumba moja kati ya kila tano ilijengwa kabla ya mwaka 1919, na katika nyingi za nyumba hizo, maadamu paa halijapata kuezuliwa na kuezekwa upya, mtu akipanda ngazi mchana wa jua, akasukuma kifuniko cha mbao na kuingiza kichwa darini, huona jambo linalomshtua kila asiyelizoea: vigae vimekaa wazi mbele ya macho yake, pasipo karatasi wala ubao baina yao na anga, na nuru ya nje inapenya penye viungo kwa vitone na mistari, hata giza la darini likawa limejaa matundu. Mkono ukisogezwa upenuni huhisi upepo. Na juu ya boriti limetanda vumbi jeusi la masizi, mabaki ya makaa ya mawe yaliyowaka mjini vizazi kwa vizazi. Mwenye nyumba aliyeinunua juzi, ambaye mfuko wake haujapata nafuu ya gharama ya ununuzi huo, huteremka ngazi akiwa na azma moja tu, nayo ni kulifunika paa lile kwa ndani, kwa kitu chochote kitakachozuia nuru na upepo, tena upesi kabla baridi haijaingia.

Azma hiyo si ya kulaumiwa, wala makala haya hayakuandikwa ili kuikataza. Lakini kabla ya kununua karatasi na misumari, yafaa mtu ajue kwamba paa la namna hii halikuachwa wazi kwa uvivu wa mafundi wala kwa ubahili wa matajiri waliowaajiri. Liliachwa wazi kwa sababu ndivyo lilivyofanya kazi, na upepo upitao ndani yake ni sehemu ya jengo sawasawa na mbao zake na misumari yake. Atakayelifunika bila ya kwanza kujua upepo ule ulikuwa na kazi gani, huenda akafurahia dari safi kwa miaka michache, kisha akaja kugundua, siku atakapochomeka bisibisi katika mbao, kwamba chuma kinazama pasipo kusukumwa.

Jiwe la Wales

Mengi ya mapaa haya yaliezekwa kwa sleti, jiwe lililotokana na tope lililogandamizwa ardhini kwa zama zisizohesabika, nalo lina tabia ya kupasuka kwa tabaka nyembamba zilizonyooka pindi lipigwapo patasi na mtu anayeijua njia yake. Machimbo makubwa yalikuwa kaskazini-magharibi ya Wales: Penrhyn, karibu na mji wa Bethesda, na Dinorwig, karibu na Llanberis. Mwaka 1831 serikali ilifuta ushuru uliokuwa ukitozwa sleti zilizosafirishwa kwa bahari, na baadaye, reli zilipoenea nchini, jiwe hilo likafika kila mji uliokuwa ukijenga nyumba za wafanyakazi wa viwanda vyake. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wapatao 17,000 walikuwa wakichimba na kuchonga takriban tani nusu milioni kila mwaka, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza nchi hiyo ya machimbo katika orodha ya urithi wa dunia. Wafanyabiashara wa sleti walivipa vigae vyao majina ya wake wa mabwana wakubwa kwa kadiri ya ukubwa: *Duchess* ni inchi 24 kwa 12, *Countess* ni inchi 20 kwa 10, na *Lady* ni inchi 16 kwa 8, hata mfanyakazi maskini wa kiwanda akawa analala usiku chini ya jamii nzima ya mabibi watukufu, ambao mchana asingethubutu kupita mbele ya milango yao.

Mji wa Leicester ni mfano mzuri wa habari hii. Karibu na mji huo palikuwapo machimbo ya sleti ya kienyeji, sleti ya Swithland, ambayo ilikuwa nene, nzito na yenye uso wa mikwaruzo, na mafundi waliipanga kwa kuweka vigae vikubwa upenuni na kuvipunguza safu kwa safu hadi kwenye mgongo wa paa. Lakini sleti ya Wales ilikuwa nyembamba na nyepesi, ilihitaji mbao chache za kuibeba, na kwa njia ya reli ikawa rahisi kuipata. Basi ushindani ukawa hauna usawa, na mwaka 1887 machimbo ya Swithland yakafungwa. Tangu hapo mitaa mizima ya nyumba za safu, zilizoshikana bega kwa bega kutoka pembe moja ya barabara hadi nyingine, iliezekwa kwa jiwe la Wales.

Katika mitaa hiyo Kiswahili nacho kimepata kusikika. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji wa Leicester lilitangaza katika gazeti la *Uganda Argus* kuwasihi wasije huko. Walakini walikuja, wakawakuta jamaa zao waliotangulia kutoka Kenya na Tanzania, na mtaa wa Belgrave, wenye nyumba nyingi za safu za zama za Malkia Victoria, ukawa maskani ya watu walioujua mji wa Kampala na pwani ya Mombasa kuliko walivyoijua theluji. Wengi wao walikuwa wamezoea paa la bati na paa la zege. Paa la vigae visivyogandishwa kwa kitu chochote, lenye kuonesha mbingu kwa ndani, lilikuwa kwao ni ajabu, na fikra ya kwanza ya mtu mgeni mbele ya ajabu kama hiyo ni kuiziba.

Hikima ya upenyo

Ni lazima basi tueleze jinsi paa hilo linavyoizuia mvua, ilhali halikuzibwa. Juu ya kuta hulazwa mwamba, yaani mti mrefu wa kuyapokea makombamoyo. Makombamoyo hupanda kutoka mwambani hadi mgongoni mwa paa. Na juu yake hupigiliwa pau nyembamba kwa mlalo, moja juu ya nyingine. Kila kigae hutundikwa katika upau wake kwa misumari miwili. Safu ya pili huifunika safu ya kwanza, na safu ya tatu haiifuniki ya pili tu bali hushuka hadi ikapita kichwa cha ile ya kwanza kwa kiasi cha inchi tatu. Kwa hiyo hapana mahali katika paa zima ambapo jiwe ni moja tu: popote lidondokapo tone, chini yake pana vigae viwili au vitatu, na kiungo cha vigae viwili vya juu kimelala juu ya uso mzima wa kigae cha chini. Mteremko hufanya kazi iliyobaki.

Hata hivyo upepo mkali husukuma maji kidogo kwenda juu, na theluji kavu, iliyo laini mithili ya unga, huweza kupeperuka ikaingia kwa ncha za vigae. Mafundi wa zamani walilijua jambo hilo, nao walilipa dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa chokaa iliyochanganywa na nywele za ng'ombe, ikapakwa kwa ndani chini ya vigae, kandokando ya pau, ili kupunguza upepo, masizi na theluji. Katika nyumba nyingi chokaa hiyo imekwisha kudondoka, na mtu akiokota kipande chake sakafuni mwa dari na kukivunja kwa vidole, ataona nywele zile zimejitokeza katika mvunjiko, fupi na nyekundu, hazikuoza baada ya miaka mia moja na zaidi. Dawa ya pili ilikuwa upepo wenyewe. Maji machache yaliyoingia jana usiku yalikauka leo asubuhi, kwa kuwa hewa ilipita upenuni, ikapanda, ikatoka juu. Na mbao inayolowa kidogo na kukauka upesi haipati ugonjwa.

Na chini ya dari nyumba nayo ilikuwa na pumzi yake. Karibu kila chumba kilikuwa na meko ya makaa ya mawe, na dohani ya kila meko ilivuta hewa mchana kutwa, ikaondoka na mvuke wa masufuria na wa nguo zilizoanikwa. Madirisha yalivujisha upepo. Ilikuwa nyumba ya baridi, yenye wakazi waliojikunyata, lakini mbao zake zilikuwa na siha njema.

Maji yatokayo chini

Kisha mambo yakabadilika, na yalibadilika chini ya dari, si juu yake. Mwezi Desemba 1952 ukungu wa moshi uliufunika mji wa London ukaua maelfu ya watu, na mwaka 1956 Bunge likapitisha sheria ya hewa safi; meko ya makaa yakaanza kuzimwa, na dohani nyingi zikazibwa. Mahali pake pakaja mabomba ya maji moto yapitayo vyumba vyote, madirisha ya vioo viwili yasiyovujisha hewa, bafu za maji moto kila siku, na nguo za kuanikwa ndani wakati wa baridi. Familia moja, kwa kupumua, kupika, kuoga na kukausha nguo tu, huimwagia hewa ya nyumba lita kadhaa za maji kila siku. Wakati huohuo watu walishauriwa, kwa haki kabisa, watandaze juu ya dari blanketi nene la nyuzi za kioo au za madini, ambalo leo kipimo chake kinachopendekezwa ni milimita 270, ili joto lisipotee.

Tokeo lake ni hili: vyumba vimekuwa na joto na mvuke kuliko zamani, na darini kumekuwa na baridi kuliko zamani, kwa sababu joto lililokuwa likipanda sasa limezuiwa. Mvuke haukuzuiwa. Hupenya katika tundu la waya wa taa, kandokando ya kifuniko cha ngazi, na katika kila ufa wa lipu kongwe, ukapanda hadi ukakutana na jiwe baridi, na papo hapo ukageuka umande. Asubuhi ya Januari, baada ya usiku wa anga jeupe, mtu akipanda na kurunzi ataiona misumari ya vigae, ambayo ncha zake zimetokeza chini ya pau, kila mmoja umebeba tone lake; na baridi ikiwa kali zaidi matone hayo huwa barafu, ncha zote zikawa nyeupe, kisha jua linapopanda huyeyuka na kudondoka juu ya blanketi, yakaacha madoa ya kutu. Mtu asiyejua hudhani paa linavuja, akamwita fundi wa kuezeka, ilhali hapakunyesha mvua kwa wiki nzima.

Katika paa lililo wazi, umande huo huchukuliwa na upepo kabla ya adhuhuri. Lakini paa likifungwa kwa ndani kwa plastiki, nyumba huwa kama mtu aliyevaa koti la mpira akapiga mbio katika mvua: maji ya mbinguni hayakumpata, na bado amelowa hadi mifupani kwa jasho lake mwenyewe.

Maswali mawili

Kwa hiyo kila namna ya kulifunika paa kwa ndani, iwe ya bei ndogo au kubwa, iwe ya fundi au ya mwenye nyumba siku ya Jumamosi, haina budi kujibu maswali mawili. La kwanza: maji yatakayopenya vigae na kuangukia juu ya kifuniko hicho yatatokea wapi? La pili: mvuke utakaopanda chini yake utatokea wapi? Kifuniko kisicho na jibu la yote mawili hakina faida.

Karatasi ya paa, inapowekwa ipasavyo, hulazwa kwa nje, juu ya makombamoyo na chini ya pau, wakati paa limeezuliwa. Hulegezwa kidogo baina ya kombamoyo na kombamoyo ili maji yapate mkondo, na mwisho wake wa chini hupita juu ya ukuta ukaingia katika mfereji wa upenuni. Huko Uingereza desturi hiyo ilienea tangu miaka ya 1930, na zaidi baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwa karatasi nzito ya lami iliyotiwa nyuzi za gunia. Na katika miongo ya karibuni zimekuja karatasi nyepesi zinazozuia maji lakini zinapitisha mvuke. Anayefunika kwa ndani, ambaye vigae vyake viko mahali pake na makombamoyo yamemkabili, hawezi kuifuata njia hiyo, na hapo ndipo makosa yanapoanza.

Kosa lililo maarufu kuliko yote ni kuchukua karatasi pana, kuipigilia chini ya makombamoyo kuanzia mgongoni hadi sakafuni, na kuchomeka mwisho wake nyuma ya blanketi. Kazi hiyo hupendeza macho: nuru haionekani tena, na vumbi limekoma. Lakini tone lililopenya kigae sasa huteremka juu ya karatasi lisikoonekana, likafika mwisho wake, likaangukia juu ya mwamba na miguu ya makombamoyo. Katika paa zima hapana mahali pabaya kuliko hapo pa kupeleka maji, kwa kuwa hapo uzito wote wa paa ndipo unapokaa, hewa ni haba, na jicho halifiki. Mti ukioza hapo, kombamoyo husukuma nje, ukuta hupokea msukumo usio wake, na gharama ya matengenezo huwa si ya karatasi tena.

Njia iliyo salama ni ya taabu zaidi. Karatasi ipitishayo mvuke hukatwa vipande virefu vya upana wa nafasi iliyo baina ya makombamoyo mawili, na kila kipande hushikizwa kwa vibanzi vilivyopigiliwa mbavuni mwa makombamoyo, ili kati yake na pau ibaki nafasi ya milimita 50 ya kupita hewa. Juu, karibu na mgongo, huachwa upenyo. Chini, kipande huongozwa juu ya ukuta hadi mferejini. Na hiyo kazi ya chini ndiyo jaribio la ustadi wa fundi, kwa maana darini hapo paa na sakafu hukutana katika pembe kali, mtu hulala kwa tumbo juu ya boriti, amenyoosha mkono mmoja, na mwingine ameshika taa. Hata mafundi waaminifu husema ni heri kupanda nje, kuondoa safu mbili za chini za vigae, kuimaliza kazi kwa huko na kuvirudisha. Upenu wenyewe usizibwe: kwa paa lenye mteremko wa kawaida, kanuni za ujenzi hutaka upenyo usiopungua milimita 10 uendelee urefu wote wa upenu, pande zote mbili.

Atakaye kuigeuza dari iwe chumba ana hesabu nyingine ya kufanya. Makombamoyo ya nyumba za safu mengi yana kina cha inchi tatu au nne, yaani milimita 75 hadi 100. Ukitoa milimita 50 za hewa, hubakia nafasi ndogo mno kwa kitu cha kuzuia baridi, na kwa hiyo lazima tabaka jingine lipigiliwe chini ya makombamoyo, nalo hula kimo cha chumba. Katika nyumba kongwe vitu vinavyoshauriwa sana ni vile vinavyopokea mvuke na kuuachilia, mathalan mbao za nyuzi za miti zilizogandamizwa au sufu ya kondoo. Na upande wa chumba, ulio na joto, huwekwa kizuizi cha mvuke kilichounganishwa kwa uangalifu, kwa sababu tundu moja la waya wa taa huweza kupitisha mvuke kuliko ukuta mzima.

Watu wa Uskoti, ambao upepo wao ni mkali zaidi, tangu zamani wamefunika mapaa yao kwa mbao. Juu ya makombamoyo hupigilia mbao pana, na sleti hupigiliwa moja kwa moja juu ya mbao hizo, pasipo pau. Hata hivyo baina ya ubao na ubao huacha mwanya mdogo. Huo ni ushahidi kwamba kifuniko na pumzi si maadui, almuradi aliyekiweka kifuniko alikuwa na haja ya vyote viwili.

Povu na majuto

Katika miaka hii imezuka njia nyepesi kuliko zote, nayo ni povu. Watu huja na gari, huburura mpira mrefu hadi darini, hupulizia chini ya vigae kemikali mbili zinazochanganyika na kuvimba, na kabla ya jioni paa lote limefunikwa kwa povu gumu au laini, nuru imetoweka, baridi imepungua, na mwenye nyumba amepewa cheti. Wauzaji wake husifu kwamba povu huvishika hata vigae vilivyolegea.

Sifa hiyo yenyewe ndiyo aibu yake. Vigae vilivyogandishwa kwa povu haviwezi tena kuondolewa kimoja kimoja na kurudishwa. Kigae kilichovunjika hakitengenezeki bila ya kuharibu jirani zake. Na sleti ya Wales, ambayo kama si kutu ya misumari ingeweza kuezekwa mara ya pili na ya tatu, hugeuka kuwa taka. Mbao nazo zimefichwa, na maji yakipenya nyuma ya povu hapana jicho litakaloyaona. Kwa sababu hiyo wapimaji wengi wa majengo nchini Uingereza hukataa kutoa shahada juu ya paa la namna hiyo, na mabenki mengi hukataa kutoa mkopo wa rehani juu ya nyumba yake, au hudai povu liondolewe kwanza, kazi inayofanywa kwa mikono na vyombo vya kukwangua, inchi kwa inchi. Ni wazee, hususan, walioshawishiwa kununua kitu hicho mlangoni mwao, na wengi hawakuijua taksiri yake hadi siku walipotaka kuuza nyumba.

Hapana budi kutaja njia kongwe kuliko zote, ile ya kupaka chokaa na nywele upya. Wapo mafundi wachache waijuayo bado, nayo yafaa kwa nyumba za kihistoria. Lakini chokaa huongeza uzito, na mahali inaponyonya maji huyashikilia karibu na pau, kwa hiyo ni dawa ya upepo tu, wala si dawa ya kigae kinachovuja.

Wakazi wa usiku na sheria ya mchana

Kuna jambo ambalo mwenye nyumba husahau mpaka ameshachukua nyundo. Darini aghalabu hukaa popo. Nchini Uingereza popo wote na makao yao wamelindwa, tangu sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 na kanuni zilizofuata, na ulinzi huo haukomi wakati popo hawapo. Anayeyaziba makao yao bila kibali huweza kutozwa faini isiyo na kikomo au kufungwa hadi miezi sita. Majike hukusanyika wakati wa kiangazi kuzaa, na popo mdogo wa huko, mwenye uzito wa gramu tano hivi, huingia katika mwanya usiozidi upana wa kidole. Karatasi za kisasa zipitishazo mvuke zimekuwa balaa kwao: nyuzi zake huchomolewa na kucha zao, zikafanya nyavu, na popo hunaswa humo hadi kufa. Kwa ajili hiyo, mahali penye makao ya popo, wenye mamlaka kwa miaka mingi walitaka ile karatasi nzito ya zamani ya lami na nyuzi za gunia, na hapo karatasi iliyodhaniwa imepitwa na wakati ilirudi kazini kwa heshima.

Nyumba zilizoandikwa katika daftari la majengo ya kihistoria nazo zina kibali chao, kinachotolewa na serikali ya mtaa kabla ya kazi kuanza. Mwaka 1877 msanii William Morris na wenzake waliunda jumuiya ya kulinda majengo kongwe dhidi ya watu waliokuwa wakiyaharibu kwa jina la kuyatengeneza, na mafundisho yake makuu, kwamba matengenezo madogo ya kila mara ni bora kuliko ukarabati mkubwa wa ghafla, yanalihusu paa kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba.

Tadbiri ya mwenye nyumba

Kwa hiyo, aliyeona nuru darini na akashikwa na hofu, tadbiri yake ianze hivi. Asipande wakati wa jua bali wakati wa mvua, tena mvua ya upepo, kwa kuwa nuru si dalili ya kuvuja. Dalili ni maji. Atazame madoa juu ya makombamoyo, achomeke bisibisi katika miguu yake na katika mwamba, aangalie penye dohani na mabonde ya paa, ambako bamba la risasi lililochanika huvujisha kuliko vigae mia. Kigae kilichoteleza hurudishwa mahali pake na kushikwa kwa ulimi mdogo wa risasi uliokunjwa. Mfereji ulioziba majani huzibuliwa.

Vigae vikianza kuteleza kila baada ya dhoruba, hapo jiwe halina kosa: misumari ya chuma imeliwa na kutu. Paa la namna hiyo litaezuliwa kwa vyovyote, ikiwa si mwaka huu ni mwaka ujao, na fedha itakayotumiwa kulifunika kwa ndani itatupwa pamoja na kifuniko chake. Ni afadhali kuiweka akiba hiyo hadi siku ya kuezua, vigae vizima vikarudishwa kwa misumari ya shaba, na karatasi ikalazwa mahali pake pa haki, juu ya makombamoyo.

Na kama paa ni zima, ila linaingiza vumbi na upepo, basi yafaa kulikumbuka swali la mvuke kabla ya kukata karatasi. Kifuniko cha ngazi kitiwe ukanda wa mpira. Matundu ya nyaya yazibwe. Feni ya bafu, ambayo katika nyumba nyingi bomba lake limeishia darini likimwaga mvuke humo, iongozwe hadi nje. Na blanketi litandazwe pasipo kuugusa upenu. Masanduku na mazulia yaliyohifadhiwa hufunikwa kwa shuka ya pamba, wala si plastiki. Wengi waliofanya hayo, ambayo gharama yake ni ndogo, wameona haja ya kulifunika paa imepungua au imetoweka.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na neno lao ni kweli katika nyumba hizi pia, ila ni lazima mtu ajue ni ufa upi. Ufa ulio katika dari ya chumba, upitishao mvuke kwenda juu, uzibwe leo. Ufa ulio baina ya vigae, upitishao upepo, uachwe. Na kama haja inamlazimisha mtu kuuwekea kifuniko, basi akiweke mbali nao kwa kipimo cha milimita 50, akipe njia chini ya kumwaga maji na njia juu ya kutoa hewa, na fundi atakayemwambia kwamba anaweza kulifunga paa kongwe lisiingize upepo kabisa, asimpe kazi.